Ujira Usiopanda: Hesabu ya Kuwaondoa Vibarua Wageni Nchini Marekani

Gharama za udhibiti wa uhamiaji, yaani hatua ambazo serikali huchukua ili kuwazuia, kuwakamata na kuwarudisha makwao wageni wasio na vibali, kwa kawaida hupimwa kwa fedha zinazotengwa kwa ajili ya askari, mahakama, mahabusu na ndege. Kwa kipimo hicho peke yake, Marekani inatumia fedha nyingi mno: katika mwaka wa fedha wa 2012 serikali kuu ilitumia takribani dola bilioni 18, kiasi kilichozidi jumla ya bajeti za vyombo vyake vikuu vya kupambana na jinai, na mwezi Julai 2025 ikapitishwa sheria iliyotenga takribani dola bilioni 170 zitakazotumika kwa miaka kadhaa, zikiwamo bilioni 45 za vituo vya kuwazuilia wahamiaji. Iko, hata hivyo, gharama nyingine isiyoandikwa katika bajeti yoyote, nayo huwaangukia watu ambao sera hiyo inadai kuwalinda.

Watetezi wa sera hiyo hushikilia hoja moja inayosikika kuwa ya haki: kwamba mgeni akiondoka, mwajiri atalazimika kumwajiri raia, tena kwa ujira mnono zaidi. Hoja hii imekwisha kujaribiwa. Kuanzia mwaka 1942 Marekani na Mexico zilikuwa na mpango ulioitwa Bracero, ambao chini yake vibarua wa Mexico waliingia kwa mikataba ya msimu kulima na kuvuna, na katika miaka ya 1950 idadi yao ilikaribia nusu milioni kwa mwaka. Haukuwa mpango wa kusifiwa, kwa maana vibarua wengi walipunjwa malipo na kulazwa katika mabanda mabovu. Lakini serikali ilipoufuta mwishoni mwa mwaka 1964, lengo lake lilitajwa wazi kuwa ni kupandisha ujira wa wakulima vibarua Wamarekani.

Wanauchumi Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, walilinganisha majimbo yaliyowategemea sana vibarua hao na yale ambayo hayakuwa nao kabisa, wakakuta kwamba ujira ulikwenda kwa mwendo uleule pande zote mbili na kwamba ajira za raia mashambani hazikuongezeka. Wenye mashamba hawakutafuta raia, walitafuta mashine. Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, ilikuwa imekwisha kubuniwa mashine ya kuvunia nyanya, pamoja na aina ya nyanya ngumu inayoiva kwa pamoja na kustahimili vyuma vyake, na kabla ya muongo huo kwisha karibu nyanya zote za viwandani za California zilikuwa zinavunwa kwa njia hiyo. Palipokosekana mashine, kama katika stroberi, saladi na seleri, uzalishaji ulipungua.

Sababu ya matokeo hayo ni kwamba kazi hutegemeana. Nyumba ambayo haikupata vibarua wa kuchimba msingi na kuezeka paa haimpi kazi fundi umeme wala fundi bomba, hata kama mafundi hao ni raia wenye vyeti vyao mkononi. Jambo hili lilidhihirika tena kati ya 2008 na 2014, wakati wa mpango wa kupeleka alama za vidole za kila aliyekamatwa na polisi wa mtaa kwa maofisa wa uhamiaji. Kwa kuwa mpango huo ulianza kwa tarehe tofauti katika kila wilaya, watafiti waliweza kulinganisha sehemu zilizotangulia na zilizochelewa, wakabaini kwamba ulipoingia, ajira za raia waliozaliwa nchini nazo zilishuka, na ujenzi wa nyumba ukapungua. Hofu ilichangia pia, kwani wapo walioacha kazi bila kukamatwa, na mwajiri humkosa anayejificha sawasawa na anavyomkosa aliyesafirishwa.

Alabama ilijionea hayo baada ya kupitisha sheria yake kali mwaka 2011, pale familia zilipohama kwa woga na nyanya kuozea mashambani. Mwanauchumi Samuel Addy wa Chuo Kikuu cha Alabama alikadiria kwamba sheria hiyo ingeligharimu jimbo kati ya dola bilioni 2.3 na 10.8 kwa mwaka. Pengo kati ya tarakimu hizo ni pana, lakini hata ile ya chini ni mzigo mzito kwa jimbo lisilo tajiri.

Imebaki kodi, ambayo mjadala wa kisiasa huisahau kwa urahisi mno. Inakadiriwa kwamba mwaka 2022 wahamiaji wasio na vibali walilipa kodi za karibu dola bilioni 97, na takribani bilioni 26 kati ya hizo ziliingia katika mfuko wa pensheni ambao wengi wao hawaruhusiwi kudai chochote kutoka kwake. Fedha hizo huwalipa wastaafu Wamarekani, ambao idadi yao inaongezeka kila mwaka, na kila mfanyakazi anayefukuzwa huacha nafasi katika mfuko huo ambayo walipa kodi waliobaki hawana budi kuijaza.