Penseli za Wachoraji na Mabango ya Senema

Safu hii aghlabu huzungumzia karafuu, bandari na maji ya mifereji. Kwa hiyo wasomaji wetu watatuwia radhi ikiwa leo tutaiacha mikubwa hiyo, tukazungumzia karatasi: karatasi za vibonzo, michoro ya penseli na mabango yaliyokuwa yakibandikwa nje ya nyumba za senema. Huenda wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya watoto. Mwandishi wa makala haya ameshikwa na uraibu huo tangu utotoni na hajapona, wala hatafuti dawa. Lakini limo ndani yake jambo linalowahusu wakuu wetu, nalo tutalifikia.

Huko Marekani wapenzi wa vibonzo walianza zamani kukutana. Mwaka 1964 kikundi cha vijana kilikutana New York kwa siku moja, kikiwa na mabunda ya majarida ya kuuziana na kubadilishana. Mkutano uliokuja kupata jina kuliko yote ni ule wa San Diego, katika jimbo la California. Ulifanyika tarehe 1 hadi 3 Agosti, 1970, katika Hoteli ya U.S. Grant, na waliohudhuria walikuwa watu wapatao 300. Miongoni mwa wageni wa heshima alikuwamo mwandishi Ray Bradbury na mchoraji Jack Kirby. Mkutano huo huo siku hizi hupokea watu zaidi ya 130,000, katika jumba kubwa la mikutano lililo ukingoni mwa maji, na tikiti zake humalizika mara tu zinapotolewa.

Nilijaaliwa kuingia humo mara moja, nikiwa mgeni wa jamaa yangu anayeishi upande huo. Sitawachosha wasomaji kwa kueleza zogo la mlangoni, wala vijana waliovaa majoho na barakoa kama wapigaji wa beni wa zamani. Kampuni za filamu na za vitu vya kuchezea zimejenga humo vibanda virefu kama nyumba za ghorofa, na watu husimama foleni tangu usiku ili kuwaona waigizaji. Nilipita hapo kwa haraka. Nilichokifuata kilikuwa upande mmoja wa ukumbi, pahala ambapo wenyewe hupaita Kichochoro cha Wachoraji, na mtu wa Mji Mkongwe akisikia jina hilo hawezi kukosa kutabasamu.

Humo wachoraji hukaa mmoja mmoja nyuma ya meza ndogo, na penseli na kalamu za wino zimetandazwa mbele yao. Mpenzi huja na daftari lake lisilo na mistari, lenye jalada gumu, akaomba achorewe. Wako wenye daftari moja kwa mwandamu mmoja: kila mchoraji anatakiwa amchore Batman yule yule, hata mwisho wa miaka kumi mwenye daftari anao Batman sitini, na hapana wawili waliofanana. Mmoja amemchora mnene, mwengine amemchora mzee aliyechoka, na mwengine amekitia kivuli tu na macho mawili. Hapo ndipo mtu hufahamu kuwa mkono wa mchoraji ni kama sauti ya mwimbaji, haukopeki.

Nilisimama mbele ya mzee mmoja mwenye miwani minene. Hakuanza na uso kama nilivyodhani. Alianza na mstari mmoja uliopinda tangu kichwani hadi kisigino, kwa penseli ya buluu nyepesi, kisha akafunga mabega, kiuno na magoti kwa duara ndogo ndogo. Rangi hiyo ya buluu ina sababu yake: kamera za matbaa za zamani zilikuwa haziioni, basi mchoraji aliweza kuiacha chini ya wino bila ya kuifuta. Wino ulipokuja, ulikuja kwa brashi, na mkono haukusita hata pahala pamoja. Katika dakika zisizofika ishirini mtu akawa amesimama juu ya karatasi, na upepo umelipeperusha joho lake. Kabla ya kunirejeshea daftari, mzee aliniuliza jina langu, akanitaka nimtajie herufi moja moja, akaliandika pembeni.

Nilidhani ni adabu tu, kumbe pia ni kinga. Zamani michoro ya namna hii ilikuwa ikitolewa bure, kwa mapenzi. Wakatokea watu waliokuwa wakiomba mchoro asubuhi na kuuza jioni. Mchoro wenye jina la mtu hauuziki kwa wepesi, ndiyo maana jina huandikwa. Wengi sasa hutoza ada, na mimi sioni ubaya wowote katika hilo: seremala hatengenezi kitanda bure kwa kuwa unaipenda kazi yake. Huko Ufaransa, katika tamasha la Angoulême lililoanza 1974, desturi ni nyengine. Msomaji hununua kitabu, na mwenyewe aliyekitunga humchorea katika ukurasa wa mwanzo, naye huridhika na bei ya kitabu. Kila nchi na mila zake.

Jina la Jack Kirby nimelitaja hapo juu kwa makusudi. Mtu huyu, aliyezaliwa 1917 na kufariki 1994, alichora maelfu ya kurasa kwa kampuni ya Marvel, na wengi wa mashujaa wanaoonekana leo katika senema za dunia nzima walipita kwanza katika penseli yake. Katika zama zake, mchoraji alilipwa kwa ukurasa, na ukurasa wenyewe ukabaki kwa kampuni. Kurasa nyengine ziligawiwa ovyo, nyengine ziliibiwa. Katika miaka ya 70 kampuni zilianza kuwarejeshea wachoraji karatasi zao, lakini Kirby alipoomba zake katika miaka ya 80 aliletewa hati ndefu ya kutia saini, yenye masharti ambayo wenziwe hawakutakiwa kuyakubali. Alikataa. Wasomaji wake na wachoraji wenzake wakaandika, wakakusanya saini, wakalizungumza jambo hilo hadharani katika mikutano hiyo hiyo inayoitwa ya kitoto. Mwaka 1987 alirejeshewa kurasa zipatazo 2,000. Nyingi zaidi hazikuonekana tena. Mtu akiniuliza mikutano hiyo ina faida gani, mimi humtajia kurasa hizo 2,000.

Sasa tuje kwenye mabango. Bango la kawaida la filamu ya Marekani lilikuwa na upana wa inchi 27 na urefu wa inchi 41, nalo lilikunjwa mara kadhaa ili liingie katika bahasha. Tangu 1940 hadi miaka ya 80, ugawaji wake ulikuwa zaidi mikononi mwa kampuni moja, National Screen Service, ambayo iliandika namba ndogo chini ya kila bango. Ukiliona bango la Star Wars lenye namba 77/21 basi umeelezwa mwaka wake, 1977, na namba yake katika orodha ya mwaka huo. Mabango yalikuwa ya kukodishwa: nyumba ya senema iliyabandika, kisha ikayarejesha au kuyatupa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili karatasi nyingi za zamani zilikusanywa na kusagwa. Ndiyo sababu bango la Dracula ya 1931, lililokuwa likitundikwa bila ya thamani yoyote, liliuzwa mnadani mwaka 2017 kwa dola 525,800. Bei hizo si za watu kama sisi, wala sizisifu, ila zinaonyesha kilichotupwa.

Wachoraji wa mabango hayo walikuwa mafundi hasa. Drew Struzan, aliyefariki 2025, ndiye aliyechora mabango mengi ya Star Wars, Indiana Jones na Back to the Future, kwa bomba la kunyunyizia rangi na kwa penseli za rangi. Bango la The Thing, la mwaka 1982, alilichora usiku mmoja tu. Alipigiwa simu kuwa linatakiwa asubuhi, akavaa mwenyewe koti la baridi akapigwa picha ili apate mfano, na alfajiri ikakuta rangi haijakauka. Roger Kastel, yeye alimchora yule papa wa Jaws anayepanda kutoka chini kumfuata mwogeleaji. Picha hiyo ya mafuta iliyoonekana dunia nzima mwaka 1975 ilipotea, na mpaka alipofariki 2023 mwenyewe alikuwa hajarejeshewa. Huko India, M. F. Husain, aliyekuja kuwa mchoraji mkubwa wa nchi hiyo, alianza maisha yake Bombay kwa kupaka rangi mabango makubwa ya senema, akipanda ngazi kama mpaka chokaa.

Na mabango ya India ndiyo yaliyotulea sisi. Watu wazima wa Unguja hawahitaji kukumbushwa. Nyumba ya senema ya Royal ilijengwa 1921, ikaungua 1954, na mahali pake pakasimama Majestic. Palikuwapo na Empire, na Sultana ambayo baadaye iliitwa Cine Afrique. Filamu moja ilikuwa ikionyeshwa katika nyumba mbili usiku mmoja, na kijana wa baskeli akikimbiza gurudumu la filamu kutoka hapa kwenda kule kabla lile la kwanza halijamalizika. Ilipokuja Awara ya Raj Kapoor, watu walitoka ndani wakiimba nyimbo ambazo maneno yake hawakuyajua. Sisi watoto tusio na senti tulikuwa na bango. Tulisimama mbele yake tukaitunga filamu nzima kwa kutazama machozi ya mama, bunduki ya jambazi na ule wekundu wa mbingu ambao haujapata kuonekana duniani. Mara nyingi filamu tuliyoitunga ilikuwa bora kuliko yenyewe.

Vibonzo navyo tulikuwa navyo. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru alichekesha watu wazima na kuwakera wakubwa kwa kiasi kilichoruhusiwa. Jarida la Sani lilivuka bahari pamoja na abiria, likapitishwa mkono kwa mkono hata jalada likaanguka. Philip Ndunguru, aliyewachorea wasomaji wa Sani kituko cha Ndumilakuwili, alifariki 1986 angali kijana. Karatasi za asili za wachoraji wetu wa wakati huo ziko wapi? Naogopa kuwa nyingi zilifungiwa maandazi.

Nasema hivyo kwa kuwa niliyashuhudia ya aina hiyo kwa macho yangu. Miaka mingi iliyopita nyumba moja ya senema, ambayo sitaitaja, ilikuwa ikisafishwa baada ya kufungwa. Nilipita njiani nikaona ndani ya stoo mabango yamerundikwa hadi kiunoni mwa mtu, mengine yamekunjwa, mengine yamebandikana kwa unyevu. Nilimwomba msimamizi aniuzie au anipe. Alinijibu kwa upole, “Njoo kesho, bwana, leo tuna kazi.” Kesho yake nilikwenda baada ya sala ya alfajiri. Nilikuta jivu nyuma ya ukuta, na kuku wakilipekua. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa ameambiwa asafishe, akasafisha. Hapakuwa na mtu yeyote aliyemwambia kuwa karatasi zile ni kitu.

Kwa hiyo naomba kuwasemesha wakuu wetu. Tuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani, zinazotunza hati za Kiarabu, barua za mabalozi na magazeti ya karne iliyopita. Bango la senema nalo ni hati. Linaonyesha watu walikwenda kutazama nini na lugha gani walivumilia bila ya kuijua. Kulitunza hakuhitaji jengo jipya: linahitaji mtoto wa meza mpana wa kulilaza, karatasi isiyokuwa na asidi, na chumba ambacho unyevu wetu wa masika hautaingia. Linahitaji pia tangazo dogo la kuwaambia wenye majumba ya zamani wasichome kabla ya kuuliza.

La pili ni la vijana. Tangu 1998 tuna tamasha letu la filamu, la nchi za jahazi, na wageni hukusanyika Ngome Kongwe kutoka pande nyingi. Sijaona humo kichochoro cha wachoraji. Meza kumi, viti kumi na taa nzuri zingetosha, wakakaa vijana wetu wachoraji wa vibonzo, na mgeni akalipa kiasi chake akachorewa mwenyewe yuko darini au chomboni. Anayeuza picha za tingatinga barabarani huiga, mara nyingi, kwa sababu mteja hajawahi kumwona akichora. Akitazamwa mkono wake, ataona haya kuiga. Sheria ya hakimiliki ya Zanzibar tunayo tangu 2003. Ingekuwa vyema vijana hao wakaelezwa pale pale mezani kuwa karatasi ni moja na haki ya kuichapa ni nyengine, yasije yakawafika yaliyomfika Kirby.

Katika lile rundo la stoo nilikuwa nimechomoa bango moja siku ya kwanza, kwa idhini, la filamu ya Kihindi ambayo hata jina lake limeliwa na mchwa. Nyuma yake pameandikwa kwa penseli, kwa hati nzuri ya mtu nisiyemjua: “Jumamosi, wanawake saa kumi.” Liko kwangu, limelala chini ya godoro la chumba cha wageni. Siku Kilimani watakaponiambia wamepata mtoto wa meza wa kulitosha, nitalipeleka mwenyewe, nami nitataka risiti.