Baharia Aliye Peke Yake Katika Ngalawa

Watu wa bara waonapo ngalawa yenye mtu mmoja ikipita ndani ya mwamba karibu na Mombasa au Kilifi, hustaajabu jinsi awezavyo kushika usukani na demani, na kufua maji, pasipo msaidizi. Kwa kweli kazi ya mikono si kubwa mno. Chombo ni gogo lililochongwa. Matengo mawili ya ubavuni hulizuia lisipinduke, na tanga ni moja tu. Lililo gumu ni kupima wakati, maana hakuna wa kumwamsha akisinzia, wala wa kumwopoa akianguka. Yafaa ajifunge kamba kiunoni, kwani chombo kilichopata upepo hakimngoji mwenyewe.

Siku za bamvua, yaani mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya futi 10. Mahali palipopitika alfajiri huenda kabla ya adhuhuri pakawa mawe matupu. Hapo macho ndiyo rubani. Penye kina kirefu rangi ni ya buluu iliyoiva. Penye mchanga ni kijani chenye kung'aa. Penye mwamba ni ya kahawia. Lakini rangi hizo huonekana vema jua likiwa juu na nyuma ya mtazamaji. Pwani yetu yaelekea mashariki; basi arudipo jioni kutoka nje, jua humpiga usoni na bahari yote huwa kama kioo. Ni heri awahi mlango wa mwamba mapema, hata ikiwa samaki ni wachache.

Kusi huvuma tangu Aprili hata Septemba hivi, na kaskazi tangu Desemba hata Machi. Pepo hubadilika, bali mkondo wa bahari mbele ya Mombasa huelekea upande wa Malindi mwaka mzima. Kwa hiyo wakati wa kaskazi upepo na mkondo hushindana, na nje ya mwamba mawimbi husimama mafupi na makali. Upepo ukikatika ghafula, mkondo humchukua baharia mbali na kwao, na kasia moja haitoshi kuushinda.

Usiku hutafuta hori lililotulia, kama la Mtwapa au Kilifi, akatia nanga. Hapo tena apime vema: kamba iliyotosha maji yakipwa haitoshi yakijaa, naye yu usingizini.