Nyanda za Juu Kusini: Jinsi joto la Oktoba linavyopisha mvua za Msimu

Kila ifikapo Oktoba, mikoa ya Mbeya na Iringa huingia katika kipindi cha mpito. Ukavu ulioanza Mei huambatana na joto, vumbi na upepo, kabla ya mvua za Msimu kuanza, kwa kawaida kuanzia Novemba, na kuendelea hadi Aprili. Kwa mkulima wa mahindi, majuma hayo machache ndiyo huamua iwapo mbegu aliyoinunua itaota au itapotelea ardhini.

Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kutokana na mwinuko huo, Juni na Julai huwa na baridi kali, na maeneo kama Mufindi hushuhudia umande ulioganda alfajiri. Katikati ya Oktoba jua la utosi hupita juu ya mikoa hii likielekea kusini. Kwa kuwa mawingu bado ni machache, ardhi hupokea joto lote la mchana. Ndiyo maana Oktoba na Novemba huwa na joto kuliko Januari, ambapo mawingu na mvua hupoza hewa.

Joto hilo ndilo linaloandaa mvua. Ukanda mvua, yaani eneo ambalo pepo za kaskazini na za kusini mwa Ikweta hukutana na kupandisha hewa yenye unyevu, hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Unapopita kaskazini mwa nchi huleta Vuli. Unapofika kusini huleta mvua za Msimu, zikisaidiwa na unyevu wa Bahari ya Hindi na wa misitu ya Kongo. Kaskazini ukanda huo hupita mara mbili, kwenda na kurudi, hivyo huwa na Vuli na Masika. Kusini hukawia kwa miezi kadhaa, hivyo msimu ni mmoja tu. Anayepoteza msimu huo hana wa pili wa kufidia.

Utabiri wa mkoa pia unahitaji kusomwa kwa makini. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inaposema mvua zitakuwa za wastani, maana yake ni kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo husika. Wastani wa Rungwe, yenye mvua nyingi, si wastani wa bonde la Usangu wilayani Mbarali. Vivyo hivyo, Isimani ni kame ilhali Mufindi hustawisha chai, ingawa zote zimo mkoani Iringa. Aidha, jumla ya mvua haielezi mtawanyiko wake: msimu wa wastani unaweza kuwa na majuma kadhaa makavu katikati.

Hatari kubwa ni mvua ya kwanza inayodanganya. Manyunyu ya mapema Novemba yanaweza kufuatwa na ukavu, miche ikanyauka na mkulima akalazimika kununua mbegu upya. Ni busara kuandaa shamba mapema, lakini kupanda kusubiri udongo ulowe kwa kina na taarifa zionyeshe kuwa mvua zitaendelea.

Mvua hizi pia hugusa Taifa zima. Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hutegemea maji ya nyanda hizi. Ndio unaojaza mabwawa ya Mtera na Kidatu, kisha kuungana na Mto Rufiji, ulipojengwa mradi wa umeme wa Julius Nyerere wa megawati 2,115.

Mvua ikizidi, milima hugeuka tishio. Aprili 2024, tope lililoporomoka kutoka Mlima Kawetere lilifukia nyumba katika Kata ya Itezi, jijini Mbeya. Wakazi wa miteremko wanapaswa kuzibua mitaro kabla ya Novemba, kutokata miti na kuhama mapema waonapo nyufa ardhini.

Kwa kuwa utabiri wa msimu hutoa mwelekeo tu, wananchi wanashauriwa kufuatilia taarifa za TMA za siku 10 na za kila siku, na kuwashirikisha maofisa ugani wa kata zao kabla ya kuchagua mbegu na tarehe ya kupanda.