Tukingoja jibu, tusisimamishe afya

Ukipita asubuhi karibu na ubao wa matangazo, utasikia swali moja: "Majina yametoka?" Ni majina ya posho, ya mahojiano, ya safari. Wengi wetu hapa Nakivale tumeishi na swali hilo miaka mingi. Hatujui kama mwezi ujao kutakuwa na pesa ya chakula. Hatujui kama nyumbani patatulia. Hatujui kama faili imesonga mbele au imelala kabatini.

Kutojua ni mzigo mzito, na makala hii haiwezi kukutua mzigo huo. Lakini sisi wahudumu wa afya wa kujitolea, tukipita nyumba kwa nyumba, tunaona jambo ambalo wewe na mimi tunaweza kulibadilisha. Watu wengi wanasimamisha mambo ya afya mpaka jibu lije. Mama anasema chanjo ya mtoto ataimalizia "tukifika tunakokwenda". Baba hachimbi choo kwa sababu "hapa tunapita tu". Kijana anakohoa wiki ya tatu lakini hataki kupimwa, asije akaharibu safari ya familia. Jibu linachelewa, lakini ugonjwa hauna foleni.

Hatari tunayoiogopa na hatari inayotukuta

Mtu aliyekimbia vita anaogopa risasi, na ana haki. Lakini historia ya eneo letu la Maziwa Makuu inatufundisha kwamba aliyeponea risasi anaweza kuuawa na maji machafu. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, na wengi wao waliuawa na kipindupindu na kuhara damu. Mwaka 2018, ndugu zetu waliokimbia mapigano ya Ituri walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi wakafika wilaya ya Hoima, hapa Uganda. Kipindupindu kikazuka kati yao na wenyeji. Waliougua walizidi 2,000 na waliofariki walizidi 40.

Kwa hiyo usipime hatari kwa ukubwa wa kelele yake. Jerikeni lisilooshwa halipigi kelele.

Kuhusu choo, tufikiri hivi: choo utakachotumia mwaka mmoja kitakukinga mwaka mmoja. Ukiondoka baada ya miezi mitatu, kimekukinga miezi mitatu, na atakayekuja nyuma yako atakikuta. Usipokichimba, mvua ya kwanza itabeba uchafu mpaka kwenye maji unayokunywa wewe pamoja na jirani yako.

Mtu akianza kuhara, usingoje kesho. Mpe maji ya ORS mara moja. Kama huna pakiti, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnyweshe kidogo kidogo huku mkielekea kituo cha afya. Mtoto anyonyeshwe bila kukatizwa. Kuhara maji mengi kama maji ya mchele ni jambo la dharura, hata usiku.

Kikohozi na safari

Kuna uvumi wa zamani kwamba ukikutwa na kifua kikuu, jina lako linafutwa katika safari. Si kweli. Mgonjwa wa kifua kikuu anatibiwa kwanza, na safari inaahirishwa mpaka aruhusiwe na daktari. Ugonjwa huo unatibika, dawa ni bure, na matibabu ya kawaida ni ya miezi 6. Anayeficha kikohozi hapati faida yoyote, kwa sababu kila msafiri anapimwa kabla ya kuondoka. Katika muda wa kuficha ameshawaambukiza mke, mume au watoto wanaolala naye chumba kimoja.

Uvumi kama huo upo pia juu ya virusi vya UKIMWI. Marekani, kwa mfano, iliondoa katazo lake kwa watu wenye VVU tangu Januari 2010.

Tena tujiulize: safari yenyewe iko mikononi mwa nani? Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na hata familia zilizokwisha pewa tarehe ya ndege zilibaki. Hakuna kati yao aliyekosea kitu. Aliyekuwa amemaliza dawa zake alibaki akiwa mzima. Aliyekuwa ameahirisha matibabu kwa ajili ya ndege alibaki bila ndege na bila afya.

Kama mpo katika mpango wa safari, kumbukeni kwamba huduma za UNHCR ni bure. Anayekuomba pesa ili asukume faili anakuibia.

Chakula kikipungua, dawa isikatwe

Mwezi Mei 2025, Shirika la Chakula Duniani (WFP) lilieleza kwamba wakimbizi karibu milioni moja hapa Uganda wameondolewa katika msaada wa chakula kwa sababu fedha hazitoshi. Tangu hapo nyumba nyingi zinapika mara moja kwa siku. Wapo wanaoacha dawa wakisema, "Siwezi kumeza dawa na tumbo tupu." Tunaelewa neno hilo, lakini tuangalie dawa moja moja.

Dawa ya VVU ambayo wengi wanatumia sasa, TLD, inaweza kumezwa hata kama hujala. Dawa ya kifua kikuu ukiikatiza, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Dawa ya presha haiachwi kwa sababu kichwa kimeacha kuuma, maana presha huua bila dalili. Mwenye kisukari ni tofauti: sindano au dawa yake bila chakula inaweza kushusha sukari mpaka akazimia. Huyo amweleze muuguzi mapema kwamba chakula kimepungua, ili wapange upya kipimo cha dawa. Usione aibu kusema huna chakula. Muuguzi hawezi kupanga dawa vizuri kwa nyumba asiyoijua.

Kwa watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, omba mhudumu ampime mkono kwa utepe. Rangi ya kijani ni salama. Njano, yaani kati ya sentimita 11.5 na 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya 11.5, ni kwenda kituoni siku hiyo hiyo. Mtoto akivimba miguu yote miwili, mpeleke hata kama utepe unaonyesha kijani.

Mawazo mengi

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yaliyopita vitani, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Hatusemi ni wendawazimu. Tunasema ni mtu asiyelala, anayeshtuka usiku, ambaye moyo unamdunda, anayepiga watoto bila sababu, au anayetafuta nafuu katika pombe. Si udhaifu, wala si uchawi. Mwili ukikaa macho muda mrefu ukingojea habari mbaya, unachoka.

Siku isiyo na ratiba ndiyo inayokomaza mawazo. Panga mambo machache yasiyongoja jibu la ofisi: saa ya kuamka, bustani ya mboga hata ya gunia moja, kwaya, sala, kumsomesha mtoto herufi. Chagua saa moja ya kutafuta habari, halafu uiache simu. Habari ikikufikia, uliza maswali matatu: Nani ameisema? Tangazo liko wapi? Kiongozi wa kijiji anaijua? Kama hakuna jibu, usiipeleke kwa jirani.

Watoto nao wanasikia. Usiwaambie "wiki ijayo tunaruka" kama huna tarehe. Waambie ukweli wanaoweza kuubeba: "Bado hatujui. Tukijua tutawaambia. Leo mnakwenda shule."

Ukisikia mtu anasema hakuna maana ya kuishi, au anaanza kugawa vitu vyake, usimwache peke yake. Kaa naye, msikilize bila kumhukumu, na mfikisheni kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Mambo matano ya wiki hii

1. Weka kadi za chanjo, kadi ya kliniki ya mama mjamzito na vitabu vya dawa katika mfuko mmoja wa nailoni usiopitisha maji. Mkiitwa ghafla, mnaushika mfuko huo na kwenda.
2. Hesabu vidonge vilivyobaki. Kama ni vya chini ya wiki mbili, nenda kliniki sasa.
3. Kama unahamia zoni nyingine au unarudi nyumbani, omba barua ya uhamisho na dawa za njiani.
4. Osha majerikeni na uyafunike, weka sabuni karibu na choo.
5. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apelekwe kupimwa.

Ndugu msomaji, hatuwezi kukuahidi kwamba majina yatatoka wiki hii. Barua ikija, ya kusafiri, ya kurudi au ya kubaki, itahitaji mtu mwenye miguu ya kutembea na watoto walio hai. Jirani yako mwenye kikohozi, mwenye mtoto aliyekonda au mwenye choo kilichobomoka, mfikishie ujumbe huu, na kama hajui kusoma, msomee. Mhudumu wa kijiji chako anapobisha hodi, mkaribishe. Hatuna majibu ya ofisini, lakini utepe wa kupima mtoto tunao.