Baada ya risasi, kazi ya kupona

Mchana wa Septemba 7, 2017, Tundu Lissu, mbunge wa Singida Mashariki nchini Tanzania, alikuwa akirudi nyumbani kwake Area D, Dodoma, akitoka kwenye kikao cha asubuhi cha Bunge, pale watu wenye silaha walipolimiminia gari lake risasi. Kwa maelezo ambayo mwenyewe ameyarudia mara nyingi, risasi 16 zilimpata: miguuni, kiunoni, tumboni na mkononi. Alikimbizwa hospitali ya mkoa, madaktari wa Dodoma wakapambana kuizuia damu, na usiku huohuo akapandishwa ndege kwenda Nairobi.

Sehemu hiyo ya habari inajulikana na kila mtu. Tuliifuatilia redioni na kwenye simu, tukaomba, wengine wakachanga, wengine wakatoa damu. Kisha ikatangazwa kwamba yuko hai, nasi tukashusha pumzi. Kwa majeruhi wa risasi, hapo ndipo kazi inapoanza, na ndipo sisi wengine tunapogeuka kuendelea na shughuli zetu. Nikitazama nyuma, kilichonigusa zaidi katika habari ya Lissu si kwamba alinusurika. Ni muda aliotumia kupona: karibu miaka mitatu ya vitanda, magongo na vyumba vya mazoezi, kutoka Nairobi mpaka Leuven nchini Ubelgiji, kabla hajakanyaga tena ardhi ya Tanzania Julai 27, 2020.

Nairobi peke yake alikaa miezi minne. Alifanyiwa upasuaji mara nyingi mno, kiasi kwamba nyumbani watu walianza kuuliza madaktari wanatafuta nini huko ndani kila siku. Swali hilo linastahili jibu, kwa sababu huulizwa nje ya kila wodi yenye mgonjwa wa risasi.

Risasi ya bunduki ya kivita haitoboi tu. Inapita kwa kasi kubwa, na nyama iliyo kandokando ya njia yake husukumwa, hupasuka, na nyingine hufa polepole bila kuonyesha dalili siku ya kwanza. Ikikutana na mfupa, mfupa husagika vipandevipande. Pia huingiza ndani nyuzi za nguo, vumbi na vijidudu. Ndiyo maana daktari anayeyajua majeraha haya hana haraka ya kushona. Husafisha, hukata nyama iliyokufa, hukiacha kidonda wazi chini ya bandeji, kisha humrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji baada ya siku chache kuangalia. Kikiwa safi hushonwa. Kikiwa bado, husafishwa tena. Hospitali za vita za Msalaba Mwekundu zimefuata utaratibu huo kwa miongo mingi, ikiwemo ile ya Lopiding, Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1987 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan. Ndugu anayelalamika kwamba "kidonda wamekiacha wazi" kumbe anaangalia tiba yenyewe. Kidonda kama hicho kikishonwa siku ya kwanza ili kipendeze, usaha hubaki ndani, na usaha ukishafika kwenye mfupa unaweza kumsumbua mtu kwa miaka.

Kuna na hili la risasi iliyobaki mwilini. Lissu amesema hadharani kwamba moja bado anayo, karibu na uti wa mgongo, kwa sababu kuitoa kungekuwa na hatari kubwa kuliko kuiacha. Watu wengi husikia hivyo wakashtuka. Lakini risasi iliyotulia ndani ya nyama, mwili huizungushia ukuta wa kovu na maisha yakaendelea. Inayotolewa kwa lazima ni ile iliyokaa ndani ya kiungo kama goti au nyonga, au inayobana mshipa muhimu. Kuichimba kila risasi kwa sababu tu familia inataka kuiona kunaweza kumkata mgonjwa mishipa ambayo risasi yenyewe iliikosa.

Mfupa wa paja, mambo yakienda vizuri kabisa, unataka kati ya miezi mitatu na sita kuunga. Uliosagwa na risasi unaweza kuhitaji mwaka au zaidi, vyuma ndani au nje, na pengine kipande cha mfupa kinachokatwa kiunoni kwenda kujaza pengo. Wakati huo wote msuli unanyauka na goti linakauka. Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye magazeti humsahau: mtaalamu wa mazoezi tiba.

Mazoezi ya kwanza hayafanani hata na mazoezi. Mgonjwa amelala chali. Mtaalamu anakunja taulo, analiingiza chini ya goti, anaweka kiganja juu ya paja. "Ligandamize taulo kwa goti, baba. Shikilia. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Achia." Paja linatetemeka kidogo, au halitikisiki kabisa, na jasho linamtoka mtu mzima ambaye mwezi uliopita alikuwa akibeba gunia la mahindi. "Haya, tena." Ni hilo tu, mara kumi asubuhi, mara kumi mchana, mara kumi jioni, kwa wiki kadhaa. Halafu kuketi ukingoni mwa kitanda bila kizunguzungu, kwa sababu mwili uliolala muda mrefu husahau kupandisha damu kichwani. Halafu kusimama huku umeshikwa kwapani. Halafu vyuma viwili vya kushikilia, hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi. Ngazi huja mwishoni, na zina kanuni yake: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mguu mbovu pamoja na gongo. Anayeikosea huanguka.

Lissu alisimama kwa msaada mwishoni mwa Desemba 2017, zaidi ya miezi mitatu tangu apigwe. Picha ile ilisambaa nchi nzima. Januari 5, 2018 alizungumza na waandishi wa habari hospitalini akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na kesho yake akasafirishwa kwenda Ubelgiji. Alitimiza miaka 50 akiwa huko. Mwaka mzima baadaye, alipoanza kuzunguka Ulaya na Marekani akihojiwa, bado alikuwa akitembea kwa magongo. Tuliomwona kwenye runinga tulisikiliza siasa zake, tukubaliane nazo au tusikubaliane. Wachache waliutazama mguu na kuhesabu ni mataulo mangapi yaligandamizwa ili mtu yule asimame pale.

Mishipa ya fahamu ndiyo inayodai subira kuliko kitu chochote. Mshipa mmoja ukikatika na ukaungwa, huota upya kwa kasi ya takriban milimita moja kwa siku. Ni kama sentimita tatu kwa mwezi. Uliojeruhiwa karibu na nyonga, kabla haujafika kwenye vidole vya mguu, umepita mwaka wa kwanza, umepita wa pili, na huku misuli inayousubiri inazidi kudhoofu na ngozi yenye ganzi inaungua kwa maji ya moto bila mwenyewe kujua. Mfano ni Malala Yousafzai, aliyepigwa risasi ya kichwa Oktoba 9, 2012 akiwa kwenye gari la shule huko Swat, Pakistan. Dunia ilishangilia alipotoka hospitali ya Birmingham, Uingereza, mapema mwaka 2013. Lakini mshipa unaoendesha uso wake ulikuwa umekatika. Ulifanyiwa upasuaji wa saa nyingi Novemba 2012, na ikambidi afanye mazoezi ya uso akisubiri tabasamu lirudi kidogokidogo. Agosti 2021, miaka tisa karibu itimie, na Tuzo ya Nobel akiwa ameshaipokea tangu 2014, alikuwa tena hospitalini, Boston safari hii, akifanyiwa upasuaji mwingine kutokana na risasi ileile.

Subira ya majeruhi ina maadui wawili, na mara nyingi wanaishi ndani ya mtu mmoja. Wa kwanza ni haraka: kuukanyagia mguu kabla mfupa haujawa tayari, kuacha dawa za kuua vijidudu kwa kuwa homa imeshuka, kumtoa mgonjwa wodini ili akavutwe mfupa mtaani wakati kidonda bado kiko wazi. Wa pili ni woga. Goti likikunjwa linauma, basi mgonjwa analinyoosha na kulifunika blanketi, mama anamwonea huruma, "mwacheni mwanangu apumzike," na miezi miwili baadaye goti halikunjiki tena. Naielewa huruma hiyo. Hata hivyo nimeamini kwamba inaharibu miguu mingi, na anayeuguza anahitaji kuambiwa mapema, kwa lugha ya upole, ni maumivu yapi ya kuyaogopa na yapi ya kuyapita.

Anayeuguza mwenyewe tumpe haki yake. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo nyama ya makalio na visigino huanza kuoza kwa kulaliwa. Kuna kumwogesha, kumshikia chombo cha haja, kumlisha, kumvumilia anapofoka kwa maumivu ambayo si wewe uliyemsababishia. Lissu alikuwa na mkewe, Alicia Magabe, mwanasheria kama yeye, aliyekuwa naye Nairobi na Ubelgiji. Nyumba nyingi zina dada mmoja aliyeacha genge lake la mboga ili akauguze, na hakuna anayehesabu alichopoteza.

Kisha kuna akili. Mlio wa tairi kupasuka, mlango kubamizwa na upepo, pikipiki kupunguza mwendo nyuma yako: mwili hurukia ardhini kabla kichwa hakijaelewa. Ndoto hurudia mahali pale pale. Mtu anakuwa mkali, au mkimya, au hataki kukaa akiupa mlango mgongo. Hayo ni majeraha, nayo yana tiba yake kwa washauri nasaha na madaktari wa afya ya akili, wala si upungufu wa imani. Na yapo yasiyotibika wodini. Aliyepigwa hutaka kujua nani alimpiga na kwa nini. Kwa shambulio la Dodoma hakuna aliyefikishwa mahakamani kujibu. Sijui namna ya kumwambia mtu awe na subira juu ya hilo.

Gharama nazo. Matibabu ya Lissu yaliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa michango ya chama chake, wabunge wenzake na watu wema wa ndani na nje. Mkulima wa Kigoma aliyepigwa na majambazi, au kijana wa Nairobi aliyekutwa na risasi kwenye maandamano ya Juni 2024, anategemea ukoo na kikundi cha WhatsApp. Tanzania kuna PF3 ya polisi ya kufuatilia, Kenya kuna P3. Kuna vyuma vya kununua. Na baada ya hapo, kuna kile ambacho naona kinaua mguu kuliko vyote: nauli ya kliniki. Jaribu kupanda daladala na mguu usiokunjika. Unalipia viti viwili, au unakodi bajaji, mara mbili kwa wiki, kwa miezi sita, huku hufanyi kazi. Wengi huenda mara nne, kisha wanaacha.

Kazi nayo haisubiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Mpigie Lissu hesabu hiyo kuanzia Septemba 7, 2017: zingeisha Januari 2018, siku chache tu baada ya yeye kufika Ubelgiji. Ubunge una kanuni zake tofauti, lakini nao haukumsubiri. Juni 28, 2019, Spika Job Ndugai alitangaza jimbo lake la Singida Mashariki kuwa wazi, akitaja utoro wa vikao bila taarifa na kutowasilisha tamko la mali. Aliyekuwa akijifunza kutembea alisoma habari hiyo akiwa ughaibuni. Naona siku 126 ni chache mno kwa mfupa wa paja uliosagwa, na watunga sheria wetu, ambao mmoja wao alilipitia jambo hili wakiliona kwa macho yao, wangekuwa wa kwanza kuliangalia upya.

Wakati huo huo, familia yenye mgonjwa wodini leo isikubali kuruhusiwa kwa karatasi iliyoandikwa "aendelee na mazoezi" na sahihi chini yake. Ulizeni mazoezi gani, mara ngapi, na muonyeshwe mbele yenu, hapo kitandani, mkiyafanya kwa mikono yenu. Ulizeni mguu ukanyagiwe lini, na kwa uzito gani. Ulizeni ni dalili zipi za kumrudisha usiku huohuo: homa, usaha, harufu, mguu kuvimba ghafla na kuwa wa moto. Ulizeni kama hospitali ya wilaya yenu ina mtaalamu wa mazoezi tiba, na jina lake ni nani. Kama hayupo, pangeni zamu nyumbani kama mlivyopanga zamu za wodini, taulo chini ya goti, asubuhi, mchana na jioni, na mwaka ujao bado mwe mmeipanga.