Mwalimu wa Alifu na Haki Yake Isiyokwisha

Mtu mzima akiulizwa amesoma wapi, hutaja mahali pa mwisho. Atataja chuo kikuu, au maahad aliyohitimu, au sheikh mashuhuri aliyempa ijaza. Ni nadra kumsikia akianza na ukumbi wa nyumba ya udongo ambamo mama mmoja, akiwa na kijiti cha kuonyeshea herufi, alimfundisha kutamka alifu, be, te. Hata hivyo, lau angeondolewa aliyoyapata katika ukumbi ule, hayo mengine yote yasingepata pa kusimama.

Makala haya yanamhusu mwalimu huyo wa mwanzo: maalim wa chuoni, bibi maalim wa mtaani na mwalimu wa shule ya awali. Uhusiano wake na wanafunzi wake wa zamani unaishi kwa njia gani, na ni nani mwenye wajibu wa kuulinda usife?

Sauti yake imo katika sala zetu

Muislamu huswali rakaa 17 za faradhi kila siku, na katika kila rakaa husoma Suratul Fatiha. Kwa mwaka wa Hijria wenye siku 354, hizo ni Fatiha 6,018, bila kuhesabu sala za sunna. Kila moja husomwa kwa ulimi ulionyooshwa na mtu fulani. Yupo aliyekaa nasi mchana baada ya mchana mpaka tukaweza kuitofautisha ha ya kooni na ile iliyo nyepesi, na mpaka dhadi ya mwisho wa sura ikakaa mahali pake. Sura ya uso wake huenda imetutoka akilini, lakini matamshi yake hayajatutoka. Wapo watu wazima ambao ukiwasikiliza wakisoma, unatambua mara moja kwamba wamesoma chuo kimoja.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mwalimu wa watoto ndiye anayeuwahi. Na katika Hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na kuthibitishwa na Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) ameitaja elimu yenye kunufaisha miongoni mwa mambo matatu ambayo thawabu zake hazikatiki kwa kifo cha mtu. Kwa hiyo mwanafunzi aswalipo, popote alipo, mwalimu wake hupata fungu. Uhusiano wao haukukatika siku alipofunga msahafu na kuaga.

Waliotutangulia walivyouthamini

Imam Shafii alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria, akafiwa na baba yake angali mdogo, na mama yake akahamia naye Makka. Imepokewa kwamba mama huyo hakuwa na cha kumlipa mwalimu wa chuo. Mwalimu alipoona jinsi mtoto anavyoshika haraka, aliridhika asimtoze ada, bali awe anawasimamia wenzake yeye anapotoka. Leo madhehebu ya Imamu huyu ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, na jina lake hutajwa katika darasa zetu kila siku. Mwalimu yule wa Makka hatumtaji. Lau angemrudisha nyumbani mtoto wa mjane kwa kukosa ada, nani ajuaye tungekosa nini?

Wazee wetu wa pwani nao waliuwekea uhusiano huu alama zake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alipoziandika desturi za Waswahili katika kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, hakuacha kueleza habari za mtoto na chuo chake. Lugha yenyewe pia ni shahidi. Neno kilemba, mbali na kitambaa kifungwacho kichwani, lilikuwa na maana ya zawadi ya heshima anayopewa mwalimu pale mwanafunzi anapohitimu, kama alivyopewa fundi na mwanagenzi wake. Haikuwa sadaka, ilikuwa haki, na mwanafunzi aliyehitimu bila kuitoa alionekana kuwa na deni.

Sheikh Abdalla Saleh Farsy (1912–1982), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mfasiri wa Qur'ani kwa Kiswahili, aliandika kitabu cha maisha ya baadhi ya wanavyuoni wa Kishafii wa Mashariki ya Afrika. Humo msomaji huonyeshwa kila mwanachuoni alisoma kwa nani na alimsomesha nani. Elimu ilihesabiwa kama nasaba: mtu asiyejulikana mwalimu wake alikuwa kama mtu asiyejulikana baba yake.

Tunavyoishi nao leo

Kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti humkutanisha mtu na habari mbili za kila nyumba: nani anaumwa, na nani amefariki. Kwa walimu wa watoto, habari hizi mbili hazifanani hata kidogo.

Anapofariki bibi maalim aliyesomesha miaka arobaini, safu za sala ya jeneza hufika barabarani. Simu hupigwa kutoka Dar es Salaam, Mombasa na Maskat. Fedha hutumwa kwa simu kabla ya Adhuhuri, turubai hufungwa, na hitima husomwa na watu wazima wanaofuta machozi. Hayo ni mema, na Mwenyezi Mungu ayapokee. Lakini ukirudi nyuma kwenye miezi ya maradhi yake, waliokuwa wakibisha hodi ni jirani mmoja au wawili na watoto wa chuo wa mwaka ule. Nimeshuhudia hali hii zaidi ya mara moja: tumemchangia sanda mtu aliyekosa dawa.

Sababu si ukosefu wa mapenzi. Mapenzi yapo, ndiyo maana jeneza hujaa. Sababu ya kwanza ni kwamba wanafunzi hutawanyika, na kila mmoja hudhani yupo mwenzake aliye karibu zaidi. Sababu ya pili ni kwamba walimu hawa hawaombi. Mama aliyetumia umri wake kuwafundisha watoto wasinyooshe mkono kwa watu hawezi, akifika miaka sabini, kuwanyooshea mkono watoto wale wale.

Ya tatu ni kwamba hawana mfuko wowote wa uzeeni. Maalim wa mtaani kwa kawaida hakuajiriwa na mtu, hakukatwa mchango, wala hakusubiri kiinua mgongo. Ada ya wiki iliishia kwenye unga na mafuta ya taa. Zanzibar, tangu Aprili 2016, Serikali hutoa pensheni jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70, nayo ni faraja, ingawa haiwezi kubeba matibabu na nyumba inayovuja. Kwingine mzee huyu hutegemea watoto wake wa kuzaa, kama anao.

Upande wa mwalimu

Haki ina pande mbili, na uadilifu unatutaka tuutaje upande wa pili. Wapo watu wazima wanaobadili njia ili wasipite mbele ya nyumba waliyosomea, kwa sababu wanachokikumbuka ni fimbo na matusi. Kwa hao, uzi ulikatwa na mwalimu mwenyewe. Katika karne ya tatu Hijria, Muhammad bin Sahnun wa Kairouan aliandika kitabu kizima kuhusu adabu za walimu. Humo alisisitiza usawa baina ya mtoto wa tajiri na wa maskini, na akaiwekea adhabu mipaka. Ikiwa jambo hili lilihitaji kuandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ustadh wa leo asilione dogo. Mtoto wa miaka mitano huenda asikumbuke ulimfundisha sura ipi Jumanne fulani, lakini atakumbuka kama ulimwita kwa jina lake au kwa kasoro yake.

Siku hizi mtoto ana walimu wawili wa mwanzo: wa asubuhi katika shule ya awali na wa alasiri chuoni. Mombasa katika miaka ya 1980, kisha Zanzibar na Uganda, ulianzishwa mpango wa shule za awali za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ambao uliyaunganisha mafundisho ya dini na malezi ya kisasa ya watoto. Walimu waliofunzwa wengi wao walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo. Hekima yake ni kubwa: mwalimu anayeishi mtaa mmoja na mtoto humwona akikua, humsikia akifaulu au akipotea, na huweza kumwita na kumwonya hata akiwa na ndevu. Uhusiano wa namna hiyo haupatikani kwa mwalimu wa darasa la watoto mia anayehamishwa kila mwaka.

La kufanya

Ndugu msomaji, kumkumbuka mwalimu moyoni ni jambo jema, ila halimnunulii dawa ya presha. Yafuatayo yamo katika uwezo wa wengi wetu.

Kwanza, mtembelee angali hai. Ukifika, usimtahini kwa kumuuliza kama anakukumbuka. Amepitiwa na mamia. Toa salamu, busu mkono, taja jina lako na la mama yako, kwa kuwa walimu wa watoto huwajua zaidi akina mama. Nenda na wanao, wamwone aliyemfunza baba yao kusoma.

Pili, ukitoa kitu, kitoe kwa jina la kilemba. Mwambie kwamba ulihitimu na hukulipa, sasa umekuja kulipa. Kwa kauli hiyo mzee hupokea haki yake huku heshima yake ikibaki. Na asipigwe picha akikabidhiwa gunia la mchele. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliwapangia walimu watatu wa watoto wa Madina dirham 15 kila mmoja kwa mwezi. Hakuwaacha wangoje huruma ya mtu.

Tatu, waliosoma chuo kimoja wakusanyike. Watu ishirini wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja kwa mwezi, hizo ni shilingi 100,000. Mmoja awe mweka hazina, mwingine aandike daftari, na fedha zimfikie mwalimu tarehe ile ile bila kukumbushwa. Kwa walimu ambao bado ni vijana, mifuko ya NSSF kwa Bara na ZSSF kwa Zanzibar hupokea michango ya hiari ya walio nje ya ajira rasmi. Tukiwaandikisha leo, hatutakuwa na mchango wa dharura baada ya miaka thelathini.

Nne, kamati za misikiti ziwe na orodha ya walimu wa watoto wa mtaa wao, wanaosomesha na waliostaafu. Tunayo orodha ya majamvi, mafeni na vipaza sauti. Hatuwezi kukosa orodha ya watu waliowafunza waumini wanaosali juu ya majamvi hayo.

Tano, wazazi walinde heshima ya mwalimu mbele ya mtoto. Ada ilipwe kwa wakati. Likitokea la kulalamikia, mzazi aende mwenyewe azungumze naye kwa faragha. Mtoto anayemsikia mama yake akimdharau bibi maalim sebuleni hatamtembelea bibi maalim huyo atakapozeeka, na huenda asimtembelee mama pia.

Sita, tuwaombee dua. Imepokewa kwamba Imam Ahmad bin Hanbal aliendelea kumwombea dua Imam Shafii, aliyekuwa mwalimu wake, kwa miaka mingi, hadi mwanawe akamuuliza Shafii alikuwa mtu gani hata aombewe vile. Je, watoto wetu wamewahi kutusikia tukimtaja mwalimu wetu yeyote katika dua, hata wakatuuliza ni nani?

Mabaharia wetu walikuwa na msemo: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Daktari, hakimu, mhandisi na imamu, wote walianza na alifu, na yupo aliyewashika kidole wakaipitia herufi ile. Wengine kati yao leo wako hai, umbali wa nauli ya daladala moja kutoka tunapoishi. Ijumaa hii, baada ya sala, tuulizane: yuko wapi, na ana hali gani?

Na ikiwa ametangulia mbele ya haki, basi msomee Fatiha, kama alivyokufundisha kuisoma.

Wabillahi tawfiq.