Neno 'sambamba' lilivyoiangusha roboti Mtito Andei

Kwa msafiri wa Nairobi na Mombasa, Mtito Andei ni mahali pa kushuka, kunyoosha miguu, kunywa chai na kuendelea. Mji huu wa Makueni, ambao jina lake kwa Kikamba huelezwa kuwa ni msitu wa tumbusi, umekaa karibu nusu ya safari, mlangoni pa mbuga ya Tsavo Magharibi. Malori hulala hapa. Palipo malori pana makanika, na palipo makanika pana msamiati.

Muhula uliopita nilikwama hapo kutwa nzima kwa sababu ya gari. Rafiki yangu anayefundisha Sekondari Msingi akanionea huruma, akanikaribisha darasani kwake. Wanafunzi wake wa Gredi 9 walikuwa wakiunda roboti. Usidhani ni ile ya sinema yenye kichwa na macho mekundu. Yao ilikuwa kibao cha chini, kibao cha juu, na kati yake miguu sita ya sirinji. Kila sirinji iliungwa na mwenzake kwa mpira mwembamba uliojaa maji: ukisukuma ile iliyo mkononi, ile ya mguuni hurefuka. Kwenye ncha za miguu, vipande vya tyubu kuukuu vilitumika kama viungo.

Mwalimu alikuwa amewafundisha kwa Kiingereza, kama sera inavyotaka kuanzia Gredi 4. Wakakariri vizuri. Alipogeukia Kiswahili ndipo maswali yakaanza kumiminika, nayo ni dalili njema. Basi akatafsiri jina la mashine yenyewe: akaiita roboti sambamba. Tatizo likazaliwa hapo.

Watoto hawa wanajua maana ya sambamba. Wameisoma katika Kiswahili na wanaiona kila siku, kwa maana reli ya SGR inapita mjini mwao, na vyuma vyake viwili havikutani hata ukivifuata hadi Miritini. Kwa hiyo wakaisimamisha miguu yote sita wima, kila mmoja ukitazamana na mwenzake kama miguu ya meza. Ilipendeza. Walipoiachilia tu, kibao cha juu kikajisokota, kikalala upande, roboti ikabwagika mezani.

"Mwalimu, huyu ameanguka tu! Na hatujamshika!" akalalama msichana mmoja.

"Si huyu. Ni hii," mwenzake akamsahihisha.

Nitarudi kwa huyu na hii. Kwanza tuuone mzizi wa ajali.

Mikono mingi ya roboti viwandani imeundwa kama mkono wa binadamu: bega, kisha kiwiko, kisha kifundo cha mkono, kimoja baada ya kingine. Mota ya begani hubeba uzito wa mota zote zilizo mbele yake, na kosa dogo la begani huwa kubwa likifika kidoleni. Huu tuuite mkono wa mfuatano. Aina ya pili haifuati foleni. Miguu kadhaa huanzia sakafuni, kila mmoja kivyake, na yote hushika kibao kimoja kwa wakati mmoja. Fikiria watu sita waliobeba jeneza. Hakuna anayembeba mwenzake. Wote wamebeba mzigo. Mmoja akichuchumaa, jeneza linainama upande wake. Wa mbele wote wakijiinua, linainuka mbele. Miguu ya mtambo hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana mtambo huo ni imara na mwepesi kuliko mkono wa mfuatano, ingawa haufiki mbali.

Wahandisi walipoita mpangilio huo kwa neno la usambamba, fikra yao ilifanana na ile ya umeme: njia zinazopita kando kwa kando kutoka nukta moja hadi nyingine. Hawakumaanisha kwamba miguu isimame wima bila kukaribiana. Kwa kweli, hilo ndilo jambo la mwisho unalotaka kulifanya. Kiswahili nacho kina sambamba ya aina hiyo, ile ya magazetini: 'sambamba na hayo, waziri alisema…' Yaani pamoja na. Lakini mtoto aliye na rula mkononi haendi kwenye maana hiyo. Anakwenda kwenye mistari.

Niliporudi gereji mchana, nilimkuta fundi chini ya lori, nikamweleza habari ya sirinji. Alicheka, kisha akaniambia, "Mwalimu, hiyo mashine yenu yote iko hapa chini." Hakukosea. Alinionyesha kile kiungo chenye umbo la msalaba kinachounga propela, ambacho hukunja pande mbili. Akanionyesha boljointi ya usukani, inayopinda huku na huku na pia kujizungusha, jumla miendo mitatu. Tipa lililoegeshwa kando lilikuwa na jeki yake ya kuinulia mchanga, ambayo haijui jambo jingine ila kurefuka na kufupika, mwendo mmoja. Panga vitu hivyo vitatu, msalaba chini, jeki katikati, boljointi juu: umepata mguu mmoja wa roboti. Mbili na moja na tatu ni sita.

Sita hiyo si ya bahati. Kitu chochote kilicho huru hewani kina miendo sita: kwenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, kisha kuinama kwa mbele, kuinama kwa ubavu, na kujizungusha papo hapo. Mguu wenye miendo sita haukizuii kibao chochote. Ukiifunga jeki yake isirefuke, umekinyima kibao mwendo mmoja tu. Funga jeki sita na, kwa kawaida, kibao kimeganda. Ndiyo sababu miguu huwa sita wala si minne au kumi.

Anayetaka hesabu kamili aihesabu hivi. Ukiacha kibao cha chini ambacho kimetulia, mtambo una vipande 13 vinavyosogea, yaani kibao cha juu na nusu mbili za kila mguu. Kila kipande kingekuwa huru kingekuwa na miendo 6, jumla 78. Kila kiungo cha msalaba huondoa miendo 4, kila jeki huondoa 5, kila boljointi huondoa 3. Kwa miguu sita hiyo ni 24, 30 na 18, jumla 72. Toa 72 katika 78, unabaki na 6. Wanafunzi wa Mtito Andei waliifanya hesabu hii ubaoni na kuipata. Roboti ikaanguka vilevile.

Kwa nini? Kwa sababu hesabu huhesabu viungo, pembe haizioni. Miguu sita iliyosimama wima yote inavuta na kusukuma kuelekea upande mmoja, juu na chini. Hakuna hata mmoja wa kukizuia kibao kisiende kushoto, au mbele, au kisijisokote. Fundi wa paa anayajua haya bila kalamu. Kenchi haijengwi kwa mbao za wima pekee. Huwekwa za mshazari ili kufanya pembetatu, la sivyo upepo wa kwanza unaichukua.

Kasoro hii ina ndugu yake katika cherehani ya miguu. Mguu wa fundi unakanyaga pedali, pedali inasukuma fito, fito inazungusha gurudumu. Vipande vinne ukihesabu na fremu, viungo vinne, mwendo mmoja. Lakini yapo mahali mawili katika mzunguko ambapo fito na kikono cha gurudumu hunyooka katika mstari mmoja. Hapo kanyaga utakavyo, mguu hauamui kitu. Gurudumu laweza kwenda mbele au kurudi nyuma na kukata uzi. Ndiyo maana fundi wa nguo huanza kwa kulisukuma kwa mkono. Wengine wangeliita hilo mkwamo, lakini sidhani ni neno sahihi, kwani gurudumu halikukwama, limemponyoka anayeliendesha. Napendekeza mkao legevu. Roboti ya watoto wetu ilizaliwa ikiwa katika mkao legevu, nalo neno moja ndilo lililoiweka humo.

Nilisema miendo, na kuna waliotarajia niseme uhuru. Kiingereza huzungumzia viwango vya uhuru wa mtambo, na wapo wanaotafsiri moja kwa moja: digrii za uhuru. Digrii kwa Mkenya ni cheti cha chuo kikuu au kipimo cha joto. Uhuru ni sikukuu, ni bendera, na tangu 2013 hadi 2022 lilikuwa pia jina la rais. Mwalimu aliniambia kwamba alipolitumia, darasa zima lilicheka na somo likapotea. Miendo huru inatosha: mtambo huu una miendo huru sita.

Viungo navyo vina vituko vyao. Kiungo ni cha mwili, ni cha pilau, na Jumamosi ni mchezaji wa kati uwanjani. Hata hivyo silioni kuwa tatizo, maana muktadha hutenganisha. Tunalo tayari bawaba, neno zuri la mlango, linalofaa kila kiungo kinachokunja upande mmoja. Kinachoteleza tukiite kiungo telezi. Kile cha duara, kiungo tufe. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilionyesha kwamba kazi hii inawezekana, na leo mwanafunzi wa shule ya msingi Tanzania hujifunza kuhusu kani bila kushtuka. Kwetu Kenya msamiati huo haujavuka mpaka vya kutosha. Vyuo vikuu vya JKUAT na Dedan Kimathi hutoa shahada ya uhandisi wa mekatroniki, ila kwa Kiingereza, na mtahiniwa wa Gredi 9 huandika majibu ya ufundi kwa Kiingereza. Sisemi mtihani ubadilishwe kesho. Nasema msichana aliyeuliza kwa nini roboti imeanguka hakuwa ameuliza swali hata moja wiki nzima kabla ya siku ile.

Sasa, huyu au hii? Kisarufi roboti huwekwa katika ngeli ya I-ZI: roboti imeanguka, roboti zimeanguka. Watoto huipeleka A-WA kwa kuwa inatembea na kwa sababu ya vibonzo. Mimi nabaki na I-ZI. Kutembea pekee hakumtii mtu uhai, na hata zimwi, ambalo hula watu, methali imelipa LI: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ila katika hadithi, mtunzi akiamua roboti yake iseme na kulia, sitamnyang'anya A-WA.

Jambo lililowafurahisha wanafunzi kuliko yote ni la matairi. Mtambo wa miguu sita unajulikana duniani kwa jina la Stewart, mhandisi aliyeandika juu yake mwaka 1965 akifikiria mashine za kuwafunzia marubani. Leo mashine za namna hiyo zipo hata Addis Ababa, katika chuo cha shirika la ndege la Ethiopia, ambapo rubani hutikiswa na kuinamishwa bila kuondoka ardhini. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1950, mhandisi Eric Gough wa kampuni ya Dunlop, Birmingham, Uingereza, alikuwa tayari na mtambo wa miguu sita unaofanya kazi. Alikuwa akipima matairi, kuona yanavyochakaa na kuvumilia mizigo ya kila upande. Gough mwenyewe alilitaja hilo katika mjadala uliochapishwa pamoja na makala ya Stewart, na muundo wa Stewart ulikuwa tofauti na huu. Jina likamwendea aliyechelewa. Katika mji unaoishi kwa kuziba matairi, mimi ningeliita jukwaa la Gough.

Kuna fumbo moja zaidi, ambalo mwalimu aliwaachia kama kazi ya nyumbani. Ukijua mahali unapotaka kibao kikae, kupata urefu wa kila mguu ni rahisi: pima tu umbali kati ya ncha mbili. Kinyume chake ni balaa. Ukipewa urefu wa miguu yote sita na kuulizwa kibao kiko wapi, majibu yanaweza kufika 40. Wanahisabati walithibitisha idadi hiyo katika miaka ya 1990, na mwaka 1998 Dietmaier akaonyesha mtambo ambao majibu yake yote 40 ni mikao halisi. Kwa mkono wa mfuatano mambo hugeuka: kujua ulipo ni rahisi, kuamua pembe za kukufikisha ndiyo kazi.

Na jina? Darasani yalipendekezwa kadhaa. Mvulana mmoja alisema roboti jeneza, akakemewa. Mimi nilitoa mtambo shirikishi, kwa sababu miguu hushirikiana mzigo, na neno halimwelekezi mtu jinsi ya kuisimamisha. Mwalimu hakukubali mara moja. Anahofia shirikishi imechoshwa na semina za kaunti. Ana hoja. Tulikubaliana litumike hadi mwisho wa muhula, kisha wanafunzi wapige kura.

Kabla gari langu halijatengemaa, walikuwa wameivunja miguu na kuipanga upya: sehemu tatu za kushikia chini, tatu juu, kila moja ikipokea miguu miwili, yote ikiwa ya mshazari mithili ya kenchi iliyozungushwa duara. Wanafunzi sita wakashika sirinji sita. Msichana wa asubuhi akahesabu moja, mbili, tatu. Kibao kikainuka, kikainama kushoto, kikajizungusha kidogo na kusimama. Sirinji ya nne ilikuwa ikivuja.